Je, Deni Laanza Siku ya Barua?

Barua yenye nembo ya Mamlaka ya Mapato yamfikia mtu wa Mapera. Tumfikirie kuwa ni mtu wa kawaida tu, mwenye duka la pembejeo, ambaye pia hununua mahindi na maharage na kuyapeleka Songea. Mauzo yake ya mwaka hupita shilingi milioni 100, ingawa faida yake ni ndogo, na kwa hiyo sheria yamtaka alete kila mwaka ritani, yaani taarifa ya mapato yake. Barua yamwambia kwamba kwa miaka minne hakuileta, na kwamba yampasa sasa kuileta pamoja na kodi, riba na adhabu. Mtu huyu si mwizi. Hakughushi hati, wala hakumdanganya afisa yeyote kwa maneno. Alinyamaza tu. Mwaka wa kwanza alikuwa na msiba. Wa pili aliona haya kwa sababu ya ule wa kwanza. Wa tatu alianza kujiambia kwamba, maadamu Serikali haisemi, huenda haina neno naye.

Watu wa namna hii ni wengi, tangu Mbinga mjini hata ufukoni Mbamba Bay, wala si wenye maduka peke yao. Wamo wenye mashine za kusaga, wenye magari ya mizigo, wenye nyumba za kupangisha, na wale wanaonunua usipa kwa wingi kwa wavuvi na kuupandisha milimani. Na barua ifikapo, swali lao ni lile lile: Deni hili limeanza lini? Wengi hujijibu moyoni kwamba limeanza siku ile barua ilipoletwa. Kabla ya hapo hapakuwa na deni. Palikuwa na bahati. Sisi twaona kwamba jibu hilo si la kweli. Lakini halikuzuka hewani. Jibu hilo lina baba na babu, nasi yafaa tuwatambue wazee hao kabla ya kumhukumu mjukuu wao.

Babu yake ni kodi ya nyumba. Serikali ya Wajerumani iliitolea amri mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikaanza kuidai. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3. Hakuna aliyemwuliza mwenye nyumba amevuna nini mwaka ule. Alihesabiwa paa. Kodi hiyo, pamoja na kazi za kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na sisi wa Ruvuma hatuhitaji kufundishwa vita hivyo viliishaje katika nchi ya Songea. Waingereza walipokuja walibadili fedha na lugha ya risiti, lakini kodi yenyewe waliiendeleza. Shilingi ya kodi haikupatikana kwa kulima ulezi na mahindi ya kula. Basi vijana wa Ungoni, wa Umatengo na wa Nyasa wakashika njia kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, maana mtu alijulikana kwa namba kuliko kwa jina lake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi ya kuwaandikisha, SILABU, na wilaya ya Songea, ambayo wakati ule ilikuwa imeimeza Mbinga yote, ilikuwa mojawapo ya visima vyao vya kuchotea watu. Kahawa, iliyoanza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, ilipendwa upesi, na sababu moja ya kupendwa kwake ni hii: ilimwezesha mwanaume kulipa kodi pasipo kuiacha nyumba yake.

Baba yake jibu hilo ni kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003. Wazazi wetu wasimulia jinsi mgambo walivyosimama njiapanda na minadani kudai risiti, na jinsi wanaume wazima, wenye wajukuu, walivyolala shambani ili wasikutwe nyumbani alfajiri. Mtu aliyekamatwa alilipa. Aliyewahi kujificha hakulipa, na jioni alichekwa kwa furaha kilabuni kama shujaa. Katika shule ya namna hiyo watu walifundishwa kwa miaka zaidi ya mia kwamba kodi ni kama mvua ya mawe. Haina kosa wala haki. Yampata aliye nje.

Tumeyasema hayo kirefu kwa sababu huwaumiza watu kuambiwa kwamba wao ni wakaidi kwa tabia. Si wakaidi. Walijifunza somo walilofundishwa.

Lakini sasa tutazame tofauti ambayo wengi wetu hatukuiona ilipoingia. Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa hazikumwuliza mtu lolote. Zilimhesabu, zikamdai. Neno la kwanza na neno la mwisho yalikuwa ya Serikali. Kodi ya mapato si hivyo. Sheria iliyopo, ile ya mwaka 2004, yamwachia mwenye biashara neno la kwanza: yeye mwenyewe akadirie mwanzoni mwa mwaka mapato anayotazamia, alipe kwa mafungu manne, na mwaka ukiisha apewe miezi sita ya kusema kwa maandishi kilichopatikana kweli. Serikali yaweza baadaye kulichunguza neno hilo na kulikataa, lakini yaanza kwa kumsikiliza. Kwa hiyo ritani, kabla haijawa fedha, ni ushuhuda. Ni mtu mzima anayesimama mbele ya wenzake na kusema, mwaka huu nilipata hiki. Asiposema, hajaikwepa mvua ya mawe. Amekataa kutoa ushahidi ulioachiwa heshima yake.

Ndiyo maana tukasema kwamba jibu lile si la kweli. Katika kodi ya kumhesabu mtu paa, ingewezekana kusema kwamba deni lazaliwa siku mhesabuji afikapo. Katika kodi ya kujitamkia, deni limekwisha kuzaliwa siku mapato yalipopatikana na muda ulipotimia, ijapokuwa hakuna mtu duniani alijuaye ila mwenye duka na daftari lake. Barua haikulileta deni. Imelikuta nyumbani.

Wapo wasomi waliojaribu kulitetea jibu la kilabuni kwa maneno ya chuo. Katika karne ya 16 Alfonso de Castro, Mfransisko wa Hispania, alieneza fundisho kwamba zipo sheria za adhabu tupu: sheria zisizomfunga mtu katika dhamiri kutenda lililoamriwa, bali zamfunga tu kupokea adhabu akikamatwa. Wengine wakaliendeleza baada yake, na vitabu vya seminari viliendelea kubishana mpaka karne ya 20 kama sheria za kodi na za forodha zimo katika kundi hilo. Wala hawakuwa watu wapumbavu. Waliishi chini ya wafalme waliotoza watu ili wapate fedha za vita vyao wenyewe, nao walitaka kumwondolea mkulima maskini mzigo wa kudhani kwamba atapotea milele kwa sababu ya gunia moja la chumvi lisiloonyeshwa kituoni.

Sisi hatulikubali fundisho hilo kwa habari ya kodi ya leo, na sababu yetu twaweza kuipata papa hapa wilayani. Fundisho la adhabu tupu lamwambia kila mtu: fanya hesabu ya hatari, kisha uamue. Ni nani awezaye kuifanya hesabu hiyo vizuri? Si mwalimu wa shule ya msingi, maana kodi yake yakatwa kabla mshahara haujamfikia. Si mkulima wa kahawa, maana ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, watozwa pale pale mauzoni kupitia chama chake. Awezaye ni yule tu ambaye sheria imemwachia neno la kwanza. Basi kama sheria haimfungi huyo mpaka akamatwe, yamaanisha kwamba kati yetu wapo wanaobeba zahanati na barabara kwa lazima, na wapo wanaoibeba kwa hiari wapendapo. Hilo si fundisho la huruma kwa maskini. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, uliwalaumu waziwazi wale wasioona haya kukwepa kodi za haki kwa hila. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yaitaja hila hiyo chini ya amri ya saba, mahali panapotajwa rushwa na hundi za uongo.

Msomaji mmoja atasema: Na hao wanaozila fedha zetu, je? Nani awaandikie wao barua? Swali hilo ni la haki, wala hatutalifunika. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, na kila mwaka zina kurasa za kumhuzunisha mlipa kodi. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa yake, aliliuliza jambo hili hili zaidi ya miaka 700 iliyopita. Akajibu kwamba mtawala atozaye kinachostahili kwa manufaa ya wote hakosi, hata akitumia nguvu. Lakini atozaye kisichostahili kwa nguvu afanya unyang'anyi, naye yampasa kurudisha alichochukua kama vile impasavyo mnyang'anyi wa porini. Tazama basi kwamba kurudisha kwapasa pande zote mbili. Mtumishi aliyeila fedha ya dawa adaiwa na kijiji. Lakini deni lake halilipwi kwa mimi kuzuia langu, maana zahanati ile ile iliyoibiwa na yeye itakuwa imeibiwa na mimi tena. Mwenye kutaka kumlalamikia mwizi wa hazina, na alalamike, na apige kura, na asimame katika mkutano wa kijiji aulize mapato na matumizi yako wapi; huo ni wajibu, tena ambao twauona umelegea sana. Mwenye ritani mkononi huuliza kwa sauti iliyo wazi zaidi.

Turudi kwa mtu wetu wa Mapera. Barua yake yataja vitu vitatu kwa mara moja, kodi, riba na adhabu, naye aviona kama kitu kimoja kizito. Dhamiri yavitenganisha. Kodi yenyewe ni deni la tangu mwanzo, kama tulivyosema. Adhabu ni kitu kingine. Walimu wa maadili wa zamani walishika kwamba mtu hapaswi kujitwika adhabu ambayo mwenye mamlaka hajamtwika bado. Yampasa akishatwikwa kwa haki. Kwa hiyo kwa habari ya adhabu, na kwa adhabu tu, jibu la kilabuni lina punje ya ukweli: ilimfikia na barua, ijapokuwa sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 huihesabu kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, wa kuchelewa. Riba yasimama katikati. Kama fedha ya watu wote ilikaa dukani kwa mwenye duka miaka minne ikizalisha, ni haki irudi na kitu, ingawa riba inayohesabiwa juu ya riba kila mwezi hukua kwa kasi inayomtisha mtu mdogo kuliko inavyomrudi.

Na kwa kweli Serikali yenyewe iliwahi kuvitenganisha vitu hivi. Mwaka 2018 ilitoa msamaha wa riba na adhabu, asilimia 100, kwa wale waliojitokeza, wakakiri madeni yao na kukubali kulipa kodi ya msingi. Kodi haikusamehewa. Wengi waliolipa kwa wakati walinung'unika, kama walivyonung'unika wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu waliochomwa na jua tangu asubuhi wakaona wa saa ya kumi na moja akipewa dinari ile ile. Sisi twaona kwamba msamaha ule ulikuwa mwema, kwa kuwa uliwatoa watu vichakani. Lakini msamaha wa namna hiyo ukirudiwa-rudiwa, utakuwa shule mpya ya kungoja, na mwenye kulipa mapema atajiona mjinga. Mwenye shamba la mizabibu aliajiri wa jioni kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaajiri. Hakuwaajiri watu waliojificha nyuma ya ukuta wakingoja jua lishuke.

Sasa twafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, ugumu wenyewe upo, napo hapazungumzwi. Mtu ameamua kusema kweli. Je, kweli gani? Miaka minne imepita. Daftari la mwaka wa kwanza limeliwa na mchwa, la pili liliandikwa na kijana wa duka aliyekwisha kuhamia Makambako, la tatu halikuwapo. Sheria yataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano, lakini sheria hairudishi karatasi iliyooza. Hapo mtu hujaribiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya woga: ajaze tarakimu kubwa, alipe, aachwe. Ya pili ni ya ujanja, nayo hubebwa na vishoka, wale wasioandikishwa wajiitao washauri, ambao kwa malipo kidogo watajaza ritani za miaka yote minne kwa sifuri tupu, mauzo sifuri, faida sifuri, na kumwambia mteja amekwisha kuwa safi. Zote mbili ni uongo. Hata ile ya woga ni uongo, maana mtu ameshuhudia jambo asilolijua, na watoto wake wamepunguziwa chakula kwa sababu ya tarakimu ya kubuni.

Kati ya njia hizo ipo ya tatu, nayo ni ya taabu. Ni kukusanya masalio. Taarifa ya benki yapatikana kwa kuiomba. Taarifa ya simu ya fedha hali kadhalika, na siku hizi nusu ya biashara ya milimani yapita humo. Muuzaji wa jumla wa Songea au Makambako huwa na nakala za mauzo yake. Chama cha ushirika kina orodha ya waliopewa mbolea dukani kwa makato ya kahawa. Mwenye gari akumbuka alibeba magunia mangapi, na kwa safari ngapi. Mtu akishayakusanya hayo, na aketi na mhasibu aliyeandikishwa, na palipobaki pengo aandike kwamba hapa ninakadiria, na aseme amekadiriaje: kwamba alichukua mauzo ya miezi sita inayojulikana, akayafuata kwa msimu. Makadirio yanayojitaja kuwa makadirio si uongo. Ni ukweli wa mtu ambaye ujuzi wake una mwisho, na sote tuko hivyo. Mkulima wa ngoro akiulizwa alivuna magunia mangapi miaka minne iliyopita, hatataja debe kwa debe, lakini hatakosea kati ya mwaka wa njaa na mwaka wa shibe.

Tuongeze neno kwa wafanyabiashara wadogo, ambao hukadiriwa kodi kwa mauzo yao pasipo hesabu ndefu. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kitu. Aliyevuka hapo pasipo kuzidi milioni 7, kama hakuwa na kumbukumbu, alilipa shilingi 100,000. Aliyekuwa nazo alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi mwenye mauzo ya milioni 5 alilipa 30,000 akiwa na daftari, na 100,000 asipokuwa nalo. Shilingi 70,000 ni bei ya mbolea, nayo ilipotea kwa kukosa daftari la mia tano na kalamu. Tumeona akina mama wauzao usipa wakishika hesabu za chama cha kuweka na kukopa kwa uangalifu unaowashinda makarani, kisha hesabu za biashara yao wenyewe wakaziacha kichwani.

Na ofisi nayo yadaiwa. Kwanza yadaiwa lugha. Sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, na ingawa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, bado mtu wa kijijini hupokea maneno ambayo hata mtoto wake wa sekondari ayasoma kwa kubahatisha. Amri isiyoeleweka haiwezi kudai utii wa dhamiri. Yaweza kudai hofu tu. Pili, yadaiwa kuijua kalenda ya nchi. Fungu la kwanza la kodi hulipwa mwisho wa Machi, wakati kahawa ya Mbinga ingali mbichi mtini na mifuko ya wateja wote ni mitupu. Duka la Mapera hupata fedha baada ya mavuno, tangu Julai na kuendelea. Afisa aijuaye wilaya yake atalitambua hilo kabla ya kumwita mtu mkaidi. Tatu, mtu asiyepeleka ritani, Kamishna aweza kumkadiria kwa maarifa yake mwenyewe, na makadirio hayo yakiwa makubwa kupita kiasi, mwenye duka ana siku 30 za kupinga. Lakini ili pingamizi lake lipokelewe, sheria yamtaka aweke kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kile asichokipinga, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Twaona kwamba kifungu hicho ni kizito kwa maskini mwenye haki, maana chamtaka anunue nafasi ya kusikilizwa. Sheria hiyo hiyo yampa Kamishna ruhusa ya kupunguza au kuondoa sharti hilo kwa sababu nzuri, na watu hawaiombi kwa kuwa hawajui kuwa ipo. Na waiombe, kwa maandishi, mapema.

Kuhusu lile bahasha dogo, ambalo watu hulipa majina mengi ya chakula na vinywaji, hatutasema mengi. Mwenye duka asemaye kwamba amemaliza mambo yake kwa kuongea vizuri na mtu, ritani zake bado hazipo, na kodi yake bado haijalipwa. Alichonunua ni ukimya wa mwaka mmoja, na aliyemwuzia anaijua njia ya kurudi. Zakayo naye alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na siku aliyoamka hakuahidi kuwa mpole kwa marafiki zake. Aliahidi kurudisha mara nne.

Labda mtu atasema: nimekubali yote, lakini sina fedha. Hapo mafundisho ya kale ni mapole kuliko wengi wadhanivyo. Asiyeweza kulipa sasa pasipo kuwanyima wa nyumbani mwake chakula haendi kinyume cha haki kwa kuchelewa, mradi deni asilikane, na nia ya kulipa iwe ya kweli, na kila kinachopatikana kidogo kielekee huko. Sheria nayo yakubali aombe kulipa kwa mafungu. Kisichokubalika ni kuufanya ufukara kuwa sababu ya kutosema. Ritani yaweza kupelekwa na mtu asiye na shilingi mfukoni, kwa kuwa kusema hakungoji fedha. Na kwa miaka ile minne adhabu ilikuwa ikiongezeka kwa ajili ya ukimya, hata katika mwaka ambao duka halikupata faida kubwa. Hata aliyefunga duka lake yampasa aende aseme limefungwa, maana namba yake ya mlipa kodi haijui kuwa mlango una kufuli.

Limebaki jambo la wajane, ambalo tumeulizwa mara nyingi. Mume amefariki, duka lilikuwa lake, na miezi michache baada ya arobaini barua yaja kwa jina la marehemu. Ndugu wa mume wasema ichomwe, maana maiti haitozwi kodi. Wengine, wakiwa wamekwisha kuchukua pikipiki na mabati, wasema mjane ndiye adaiwaye. Wote wawili wamekosea. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana, wala halimfuati mjane katika shamba lake mwenyewe wala katika jasho la mikono yake. Kwa sababu hiyo msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani upesi, kabla pikipiki haijauzwa, naye aipeleke barua ile ofisini pamoja na cheti cha kifo na hati ya kuteuliwa kwake, aseme mali iliyoachwa ni hii na hii. Mahakama ya Mwanzo hupokea maombi hayo, na mjane ana haki ya kuomba yeye mwenyewe asimamie.